Mchele Unapita, Wali Haupiti

Marahaba mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nikamwita mama yako naye asikie. Unasema rafiki yako wa huko India kusini alikualika kwao kijijini kwa Pongal, sikukuu yao ya mavuno, ukapokewa vizuri, ukavishwa sari, ukapigwa picha na ng'ombe waliopakwa rangi pembe. Siku hiyohiyo ya ng'ombe akaja mtu mzima mmoja, wakamwita "thambi", yaani mdogo wetu, kwa sauti ya mapenzi. Kumbe ni mdogo wake baba wa rafiki yako, baba mmoja mama mbalimbali. Pua ileile, hata mwendo uleule. Wewe uliketishwa ndani, jani la mgomba mbele yako. Yeye akakaa kibarazani, akaletewa chai katika kikombe cha karatasi, na wenzake wote wanakunywa kwenye bilauri za stili. Ulipouliza ukajibiwa, "Ndivyo anavyopenda mwenyewe." Swali lako: hivi hawajui kuwa ni ndugu? Halafu ukatupia la pili, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi: "Baba, wewe umeishi Madurai miaka minne, mbona hujawahi kutusimulia?"

Kwa sauti siwezi kukujibu. Nikianza kusema nitajipendelea. Acha niandike.

La kwanza halina kazi. Wanajua. Kijiji kizima kinajua, hadi mbuzi. Wewe umeuliza kwa hesabu ya kwetu pwani, kwamba damu ya baba ikishajulikana basi; watu wanaweza kugombania mgao, lakini wenye mgao wanajulikana. Wakumbuke Majid na Barghash. Wote wana wa Seyyid Said, mtawala wa Unguja, wote mama zao masuria, mmoja Mcherkesi, mwingine Mhabeshi. Waligombana mpaka Barghash akapelekwa Bombay baada ya uasi wa 1859, lakini walikuwa wanagombea kiti, na kila mmoja kwa zamu yake alikikalia. Sisemi kwetu ni peponi, na wewe unajua maneno wanayosemwa watoto wa nje hapa mtaani. Nasema hesabu ni nyingine. Huko uliko, kumjua huyu kuwa ni ndugu yako ndiko kunakoleta haja ya kikombe chake. Mtu baki hawekewi kikombe, maana haji.

Nilifika Madurai, mji wa Watamil, mwaka 1987, nina miaka 22, sanduku moja, na Kihindi cha sinema ambacho hakikunifaa kitu, kwani Watamil Kihindi hawakitaki hata cha dawa. Bwenini nikawekwa chumba kimoja na kijana aliyenizidi miaka miwili. Nilimwita Annan, yaani kaka, na mpaka leo kichwani mwangu hana jina jingine. La kwao nitalihifadhi, na la kijiji pia.

Likizo ya kwanza akanichukua kwao. Ni upande wa magharibi wa mji, si mbali na mto Vaigai: mpunga, migomba, minazi. Ukishuka basi ungedhani uko Pangani. Lakini kijiji cha Kitamil ni viwili. Kuna oor, ndicho kijiji chenyewe, chenye hekalu, duka na mkwaju wa kukutania. Na ng'ambo ya mfereji kuna cheri, wanakokaa Wadalit, wale waliowekwa chini ya wote. Siku zile kibao kilisema "Harijan Colony", jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Mtu wa cheri akiulizwa atokako hutaja jina la kijiji kama mwingine yeyote. Wa oor akikuambia "kijiji kizima kimekubali", huyo hajamhesabu.

Jioni ya kwanza bibi yake Annan akaniuliza, kwa kunyoosha kidole maana Kitamil sijakijua, jati yangu ni ipi. Jati ndiyo hiyo tunayoiita tabaka, ingawa neno letu halitoshi: tabaka mtu anaweza kulipanda akipata fedha, jati huzaliwi mara mbili ukaibadili. Annan akanijibia, "Hana." Bibi akafikiri, akanisogezea mkeka. Mimi, mtoto wa Tanga niliyelelewa kwa supu ya kongoro, nikaketi ndani, nikatandikiwa jani la mgomba. Wadalit husemwa vibaya kwa kula ng'ombe, mwanangu. Hakuna aliyeniuliza ninakula nini.

Thambi wangu mimi nilikutana naye kesho yake kwenye kisima cha kumwagilia, kile kipana chenye ngazi. Alikuwa na miaka 14. Yeye ndiye aliyenifundisha Kitamil cha kweli, kile cha matusi, na kunywa maji kwa kuyamimina kinywani kutoka juu bila mdomo kugusa chombo. Hili wote hufanya, hata baba na mwanawe, kwa sababu mate huko ni najisi. Nililowesha mashati kwa wiki nzima, na kila nilipolowa alicheka mpaka akakaa chini. Kicheko nilikuwa nimekisikia kabla. Kilikuwa cha Annan.

Nikamuuliza Annan, akaniambia bila kificho: "Ni wa baba. Wa chinna veedu." Neno lile nilipofafanuliwa nilicheka mimi. Chinna ni ndogo, veedu ni nyumba. Nyumba ndogo! Bahari yote hii katikati na wanaume wameokota neno lilelile. Nikamwambia hata kwetu twasema hivyo. Yeye hakucheka.

Mama yake Thambi alikuwa mchumaji katika shamba la asumini la mzee, baba yake Annan. Asumini ya Madurai huchumwa gizani, kabla vitumba havijafunguka, na wanawake wa cheri saa kumi na moja walikwisha kuinama mitaroni. Saa mbili maua yaleyale yako shingoni mwa mungu hekaluni, na mkono ulioyachuma hauruhusiwi kuvuka kizingiti. Hekalu kubwa la Meenakshi pale mjini lilifunguliwa milango kwa Wadalit mwaka 1939. La kijijini habari hizo hazikuwa zimelifikia. Ndoa hapakuwa. Wahindu wa jimbo la Madras, ambamo Madurai ilikuwamo, walikatazwa kuoa mke wa pili tangu 1949, na hata bila sheria hiyo mzee asingemwoa mwanamke yule, awe wa kwanza au wa kumi.

Nisimsingizie mzee. Alitoa. Karo ya Thambi alilipa, sari ya Deepavali, sikukuu ya taa, ilipelekwa kila mwaka, gunia la mpunga lilivuka mfereji wakati wa mavuno. Kitu kimoja hakutoa, nacho ni herufi. Utakuwa umeona wenzako huko hawana majina ya ukoo. Wana herufi tu mbele ya jina, ya kwanza ya jina la baba. Majina ya jati waliyaacha wengi, na hilo ni jambo zuri, wamshukuru Periyar, yule mpinga jati wa Kitamil, na harakati zake za kujiheshimu za tangu 1925. Lakini jina la jati lilipotoka, herufi ya baba ndiyo ikabaki kukuonyesha wewe ni wa nani. Thambi aliandikishwa shule kwa herufi ya babu yake mzaa mama. Daftari zake nilizisahihisha mara nyingi, na kila nilipofika juu ya ukurasa niliona herufi ile imeandikwa ndogo kuliko jina, imebanwa pembeni.

Annan alimpenda. Hapa ndipo nataka usome polepole, maana najua ulitaka nikuambie kuwa yule kaka ni mtu mbaya. Baiskeli ya Thambi alimnunulia yeye, kwa fedha za kufundisha watoto jioni. Akamshikia kiti akijifunza, kule barabara ya mfereji, akikimbia nyuma yake na nguo ya kiunoni amekunja mpaka mapajani. Ila baiskeli ilipofika barabara ya oor Thambi alishuka. Akavua kandambili, akazitia mkononi, akaikokota mpaka apite hekalu, ndipo akavaa na kupanda tena. Hakuna aliyemwamuru mbele yangu. Siku moja nikamuuliza Annan kwa nini asimwambie mdogo wake apite tu amepanda. Akasema, "Watampiga." Kisha, tumekwenda hatua nyingi: "Na mimi nitakuwa wapi wakati huo?"

Dukani pale mkwajuni chai iliuzwa kwa aina mbili. Watu wa oor bilauri za kioo. Wa cheri vifuu vya nazi vilivyoning'inizwa msumarini nje, na mnywaji huosha chake mwenyewe kabla na baada. Kifuu unakijua, kile tunachotengenezea upawa. Vya kwao vilikuwa vimesuguliwa vikawa vyeusi vinang'aa, na kila kimoja kina mwanya mdogo ukingoni pa kumiminia. Thambi alikunywa hapo, Annan hatua nne ndani. Wakizungumza! Wakibishana mambo ya sinema, mmoja yumo dukani, mwenzake chini ya jua, na mwenye duka anapitisha habari kama hakuna kitu.

Usiku mmoja nilimbana Annan, kwa ujeuri wa ujana. Nikamwambia wewe umesoma, unamsifu Ambedkar, mtetezi wa Wadalit, bwenini, mdogo wako anakunywea kifuuni. Hakukasirika. Alinionyesha nyumbani kwao kwa kidevu. "Nina dada wawili mle hawajaolewa." Nikasema sijaelewa. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto: akila sahani moja na Thambi leo, kesho hakuna familia ya jati yao itakayoleta posa. Kinyozi hatakuja, dobi hatakuja, baraza la wazee litawatenga, na ndugu wa mama yake wataacha kufika. Hapakuwa na dini katika maelezo yake hata chembe. Ilikuwa hesabu ya arusi. Mwanangu, vitabu vitakueleza Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, na usafi na najisi, nawe usome, lakini mimi nilielezwa na mwenyewe chini ya mkwaju: jati inalindwa na hofu ya kaka mwenye dada.

Na faida pia, tusisahau. Mtu akiwa ndugu huwezi kumwita akutolee mzoga, kazi wanayotwikwa watu wa cheri.

Mzee alikufa mwaka 1990, mwezi wa tano. Nilikuwapo. Wapiga ngoma wakaitwa kutoka cheri. Ngoma yao ni parai, duara la mbao lililowambwa ngozi ya ng'ombe. Waliwasha majani makavu wakaipasha mpaka ngozi ikakaza na kulia kama bati. Mmoja wao alikuwa kaka wa mama yake Thambi. Mjomba! Na kwa Watamil mjomba ni mtu mzito, ndiye anayempakata mtoto akitobolewa masikio. Siku ile alilipwa kumpigia ngoma shemeji ambaye hakuwahi kuwa shemeji.

Kabla ya moto, jamaa hupita mmojammoja wakimtilia maiti punje za mchele mdomoni. Wanauita vaaykkarisi, mchele wa kinywani, na ni haki ya jamaa. Thambi alikuja mpaka mwisho wa barabara ya oor, kandambili mkono wa kushoto, ngumi ya kulia ameifumba. Nilidhani ameshika fedha. Alikuwa ameshika mchele.

Wazee wakainuka. Hawakupiga kelele, waliinuka tu. Annan akatoka, kifua wazi, nguo imelowa maji ya kuoga, akatembea barabara nzima mpaka kwa mdogo wake. Akavua kitambaa cha begani, akakitandaza juu ya mikono miwili kama mtu anayepokea sadaka. Thambi akafungua ngumi. Punje zilikuwa zimelowa jasho na nyingine ziling'ang'ania kiganjani, ikabidi azipanguse kwa kidole, moja moja, na kaka yake akangoja. Kisha Annan akarudi, akamtilia baba yao mchele ule kwanza, kabla ya wake mwenyewe. Kitambaa hakukirudisha begani. Alikidondosha chini, dobi akakiokota.

Mimi nililia, nikasema moyoni, tazama mapenzi ya ndugu. Ilinichukua miaka kuuona ule mkono ambao haukunyooshwa.

Baadaye nilimuuliza ilikuwaje wazee wakaukubali mchele wa Thambi. Akanipa kanuni: mchele unapita, wali haupiti. Nafaka mbichi unaweza kuipokea kutoka mkono wowote. Ikishaingia maji na moto, inabeba jati ya aliyeipika. Sisi tuna mpunga, mchele na wali, na nilikuwa nikidhani tofauti ni ya jikoni tu. Ukifikiri, isingeweza kuwa vingine. Mpunga wote wa oor hupandwa, huvunwa na kupurwa na watu wa cheri. Mchele usingepita, wenyewe wangekufa njaa.

Sasa swali lako la pili.

Matanga yao hufungwa siku ya kumi na sita. Kesho yake nilikuwa nikirudi mjini. Saa saba mchana Thambi akanikuta mkwajuni na mkoba wangu, akasema, "Amma amepika. Njoo ule kwetu kabla hujaondoka." Alisema kwa kujikaza, macho chini, na alikuwa amevaa shati la shule, lililopigwa pasi. Nikatazama saa. Nikamwambia nasikitika, basi langu ni la saa nane.

Basi la saa nane halikuwapo. Lililobaki lilikuwa moja tu, la saa kumi na mbili jioni. Yeye alijua, ratiba ile ni yeye aliyenifundisha.

Niliogopa. Nilikuwa mgeni wa nyumba kubwa, na nilihofu nikila ng'ambo huku wasinipe tena mkeka. Ni hofu ileile ya Annan, ila mimi sikuwa na dada wa kuozesha. Nikakaa chini ya mkwaju saa tano nzima nikijifanya nangoja basi la saa nane lililochelewa. Thambi akakaa pembeni yangu saa zote zile. Hakunialika tena. Alinihadithia sinema, mwanzo hadi mwisho, na basi lilipokuja akanipandishia mkoba.

Ndiyo sababu hamjasimuliwa. Mlipokuwa wadogo mkitaka hadithi za India niliwapa za treni na za nyani wa hekaluni.

Unaweza kuniambia mambo haya yamekwisha, wewe uliona kikombe tu. Kisheria yalikwisha zamani: ibara ya 17 ya Katiba yao ya 1950 inafuta utengano huu kwa jina, na sheria ya 1955 ikaweka adhabu. Lakini sheria ilipofika dukani ikakuta kifuu kimeshakuwa bilauri ya bati, na ilipoifikia bati ikakuta karatasi. Kikombe cha karatasi kinafaa mno kwa kazi hii, maana utaambiwa ni usafi. Na ukuta nao upo wa matofali. Kijiji cha Uthapuram, wilaya ya Madurai, watu wa oor walijenga wao mwaka 1989 kuwatenga Wadalit, nami niko palepale mjini nakula dosa, sikusikia. Niliusoma mwaka 2008 serikali ilipobomoa kipande chake. Wala usiseme ni ya wazee: mwaka 2023 huko Nanguneri, jimbo hilohilo, mwanafunzi wa Kidalit alikatwa mapanga nyumbani kwao na wenzake wa shule, na dada yake akaumizwa akimkinga. Jaji mstaafu aliyeagizwa kulichunguza akapendekeza, 2024, wanafunzi wapigwe marufuku kuvaa nyuzi za rangi mkononi, zile zinazotangaza jati. Ziangalie kwenye basi la asubuhi. Mimi sitakuwa nimekutia chumvi.

"Ndivyo anavyopenda mwenyewe." Thambi naye alikuwa akiniambia kibarazani kuna upepo.

Mama yako anakusalimu, anasema upunguze pilipili. Umeuliza pia kama uende tena mwezi wa nne kwa mwaka mpya wao. Nenda. Usiende na hotuba, na rafiki yako usimtolee hukumu. Hujui ana dada wangapi. Ila yule baba mdogo akiaga, inuka umsindikize. Akisema karibu kwetu, vuka naye. Na kabla ya safari ulizia mabasi ya kijiji hicho, ujue la mwisho linaondoka saa ngapi.

Baba yako